Musimbi na Mwaka wa Ukungu

Christine Musimbi alilelewa Laini Saba, Kibera, karibu sana na reli, katika chumba ambacho nusu yake ilikuwa nyumba na nusu ya pili karakana. Phanuel, baba yake, ni fundi wa vitanda. Mama yake anakaa Vihiga, analima, na huja Nairobi mara chache shamba likimruhusu. Kwa hivyo mtoto alikua na baba, na alikua katikati ya kelele: randa ikiparuza mbao, redio za majirani zikishindana, wachuuzi wakiita, treni ikipita mpaka sufuria zinagongana rafuni. Katika hizo kelele zote Musimbi alilala kama mtu aliyefunikwa pamba. Phanuel, kwa kuwa alimpa binti huyu jina la mamake mzazi, humwita "Mama" hadi leo.

Mimi nilimjua baadaye, alipohamia kwetu Kabiro, mtaa mwingine wa Nairobi, kwa sababu mlango wangu unatazamana na wa shangazi yake. Haya nimesimuliwa na yeye mwenyewe tukianika nguo, na mengine na huyo shangazi, ambaye jambo likimpendeza halisimulii mara moja tu.

Alikuwa mtoto wa kutazama. Unamtuma maji, anakawia. Ukimfuata unamkuta amesimama na mtungi wake, mdomo wazi kidogo, anaangalia mvuke unaopanda kutoka kwenye mabati baada ya mvua.

"Mama, na maji?"

"Nakuja, baba."

Na haji. Phanuel anakuja anamshika mkono taratibu, kama unavyomshika mtu anayetembea usingizini, anamrudisha nyumbani. Shuleni hakuwa mjinga. Hesabu alizipenda, fizikia pia, na mtihani wa kidato cha nne ulipotoka, jina lake lilitajwa kanisani na watu wakapiga vigelegele mpaka mchungaji akaomba utulivu.

Akaitwa chuo kikuu kimoja huko juu, kwenye mashamba ya chai, mbali na Nairobi, kusomea uhasibu. Uhasibu haukuwa wazo lake. Ulikuwa wazo la kila mtu. Mhasibu hakosi kazi, walisema, na mwalimu wake alisema hivyo, na mzee wa kanisa akasema hivyo, na Phanuel, ambaye hajawahi kumjua mhasibu hata mmoja, akaona ni kweli. Hakuna aliyemuuliza Musimbi anapenda nini. Nami nadhani hata wangemuuliza asingejua la kujibu, maana kitu alichokipenda alikuwa bado hajasikia kikiitwa jina.

Chuo chenyewe kilikuwa kizuri. Hosteli yao ilikaa mgongoni mwa kilima, na chini yake kulikuwa na bonde refu lenye mto, na ng'ambo ya bonde chai tupu, kijani juu ya kijani hadi macho yachoke. Mwenzake chumbani alikuwa Ndunge, msichana wa Makueni, naye wa uhasibu, mtu wa saa na ratiba. Ndunge akiweka kichwa kwenye mto amelala. Musimbi hakulala. Kimya cha kule kilimlemea kama blanketi lililoloa maji. Alilala chali akisubiri kitu kipite. Hakikupita kitu. Kwa mara ya kwanza maishani alisikia damu yake mwenyewe masikioni, akaogopa.

Karibu na mapambazuko alichoka kusubiri, akajifunga shuka mabegani na kutoka nje. Ndipo alipouona.

Bonde lilikuwa limejaa. Si maji, ila kitu cheupe kama maziwa yaliyotulia, kimefika hadi karibu na miguu yake. Miti mirefu ya ng'ambo ilikuwa imebakiza vilele tu, kama watu wanaooga na kuacha vichwa nje. Jogoo aliwika kutoka chini kabisa, ndani ya ule weupe, na sauti yake ilikuja ikiwa imekunjwakunjwa. Kisha jua likagusa upande mmoja, na ule weupe ukaanza kwenda. Haukuondoka kwa haraka. Ulijikunyata, ukanyoosha mkono mmoja juu ya kijito, ukausahau huko, ukapanda kidogo, ukafifia. Ulipokwisha kabisa, Musimbi alishtuka kuona wanafunzi wakirudi kutoka kwenye mhadhara wa kwanza.

Kesho yake alisema atautazama kidogo tu. Na kesho kutwa vilevile.

"Musimbi, leo karatasi ya mahudhurio imepita," Ndunge alimwambia. "Nimekusainia. Kesho sikusainii."

"Kesho nitakuja."

"Jana ulisema hivyo."

"Jana uliganda, Ndunge. Ulikataa kupanda kabisa, ulikaa pale chini kama umelala."

"Nini kililala?"

"Ukungu."

Ndunge alimwangalia kwa muda. "Wewe uko mbali sana," akasema. "Na huo ukungu hauna mtihani. Sisi ndio tuna mtihani."

Hivyo mwaka ukapita. Asubuhi alikuwa ukingoni mwa bonde, mchana alikuwa darasani kwa mwili tu, kope zikishuka, sauti ya mhadhiri ikigeuka kuwa treni ya mbali inayokuja na kuja bila kufika. Aliota akiwa ameketi wima, kalamu mkononi. Alipojaribu kusoma vitabu vya mali na madeni, zile safu mbili za tarakimu zilisogeleana na kuungana, kama kingo mbili za mto ukungu ukishazifunika.

Matokeo yalipotoka aliyasoma kwenye simu, amesimama mahali pa juu panapopata mtandao. Alikuwa ameanguka masomo matatu. Mengine alipita kwa kuburuzwa. Hesabu peke yake ndiyo iliyokaa vizuri, kama nyumba moja iliyobaki imesimama baada ya moto. Aliniambia hakulia. Alihisi kama anasoma habari za mtu fulani wa mbali, na kwamba inabidi aende kumpelekea huyo mtu pole.

Akarudi Laini Saba. Njia nzima kutoka steji ya mabasi watu walimwita kwa furaha: "Daktari! Daktari wetu amerudi!" Kwa watu wa kule anayesoma chuo ni daktari tu, hata akisomea nini. Musimbi aliitikia kwa kupunga mkono. Alimkuta baba yake anapiga msasa ubao wa kichwa wa kitanda cha watu wawili, akakaa kwenye kigogo, akamwambia yote. Hakuficha hata la ukungu.

Phanuel hakuacha kazi. Alipiga msasa, akapuliza vumbi, akapitisha kiganja, akapiga tena mahali palepale palipokwisha kulainika.

"Ulikuwa mgonjwa?" aliuliza mwishowe.

"Hapana, baba."

"Kuna kijana?"

"Hakuna."

"Basi ni ukungu."

"Ni ukungu."

"Mimi nimekaa Vihiga miaka yote ya utoto wangu," Phanuel alisema. "Ukungu ulikuwa pale kila asubuhi. Tuliupita tukienda shule."

 Musimbi alisema kwamba hataki kurudi kule, kwamba amesikia kuna watu wanaosomea hali ya hewa, kwamba chuo kimoja hapahapa Nairobi kinafundisha, na alikuwa anafikiria kuhama.

"Kuhama," alirudia Phanuel. Sasa aliweka msasa chini. "Mama, mti ukikataa kuzaa unaung'oa?"

"Sijawa mti, baba. Mimi bado mche. Miche huhamishwa."

"Mche unahamishwa ukiwa na mizizi. Nionyeshe mizizi." Akaielekezea kidole simu yake, pale palipokuwa na yale matokeo. Hakusema kwa ukali. Musimbi aliniambia ingekuwa afadhali baba angefoka.

Ndipo alipoingia shangazi. Rosebella, dada yake Phanuel, anashona sare za shule hapa Kabiro. Musimbi humwita senge, kama Waluhya wanavyomwita dada wa baba. Aliposikia nyumba imenuna alikuja Kibera Jumamosi, akawatazama wote wawili, akaangalia hasa macho ya mtoto, akasema, "Huyu hajalala."

"Amelala mwaka mzima darasani," alisema Phanuel.

"Hajalala. Mimi najua uso wa mtu ambaye hajalala. Nitaenda naye wiki moja, halafu mtaendelea kununiana."

Ploti yetu ya vyumba vya kupanga imepakana ukuta na mashine ya kusaga unga. Mpangaji mpya huvumilia mwezi mmoja akilalamika, halafu ama anahama ama anazoea. Inanguruma tangu asubuhi, sakafu inatetemeka kidogo, na unga mwembamba hutua kwenye majani ya sukumawiki tuliyopanda kwenye magunia. Musimbi aliingia chumba cha shangazi Jumamosi hiyo mchana, akakaa kitandani avue viatu, na hapohapo, kiatu kimoja kikiwa bado mguuni, akalala. Alilala mashine ikisaga. Alilala watoto wakicheza mpira mlangoni. Jumapili tulipotoka kanisani bado amelala, na Rosebella alikuwa ameweka kioo kidogo karibu na pua yake kuona kama anapumua. Jioni mvua ilinyesha kwa nguvu juu ya mabati, na hiyo ndiyo iliyomwamsha. Alitoka akakaa kwenye ngazi, nywele zimesimama upande mmoja, akatazama mvua kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu na kukuta nyumba yake ipo.

"Nataka kuhama chuo, senge," akasema.

"Kula kwanza," alisema Rosebella.

Wiki moja ikawa miezi. Alimsaidia shangazi kukata vitambaa, na siku za kazi alifuatilia huo uhamisho. Alikwenda kwanza kwenye ofisi kuu ya chuo alichokitaka. Kijana wa dirishani aliangalia karatasi yake ya matokeo, akaigeuza kama anayetafuta upande ulio mzuri zaidi, akairudisha.

"Dadangu, uhamisho ni wa watu waliofaulu," alisema. "Hapa si hospitali."

Rosebella alitaka kwenda kumwona huyo kijana ana kwa ana, lakini Musimbi alimzuia. Aliniambia kwamba alikaa nje kwenye nyasi siku hiyo, na wingu moja lilipita juu ya jengo la ofisi, la duara, chini limekatwa sawasawa kama mkate, akajiuliza kwa nini mawingu ya namna hiyo huwa na tumbo bapa. Hilo swali lilimkaa kuliko lile tusi. Siku iliyofuata alirudi, na safari hii hakwenda dirishani. Aliulizia idara yenyewe, akapanda ngazi, akabisha kwenye mlango wa mkuu wa idara, mama mmoja mrefu anayeitwa Daktari Kathini.

Daktari Kathini alisoma karatasi taratibu, miwani ikiwa puani. "Hesabu umefanya vizuri," alisema. "Kwingine kote ulikuwa wapi?"

Musimbi alikuwa ameandaa maneno. Shangazi alikuwa amemfundisha aseme kulikuwa na ugonjwa katika familia. Lakini alipofungua mdomo ukweli ndio uliotoka. Akaeleza bonde, kimya, miti iliyobakiza vichwa, jogoo, na jinsi kila asubuhi ilivyokuwa tofauti: siku za upepo haukuja, siku za mawingu haukuja, ila usiku wa nyota nyingi na baridi kali ulijaza bonde hadi juu.

Daktari Kathini alivua miwani. "Na unafikiri unatoka wapi?"

"Mtoni," Musimbi alijibu kwa uhakika. "Mto unapumua usiku, halafu ile pumzi inapanda inajaza bonde."

"Sivyo."

Musimbi alinyoosha mkono kuichukua karatasi yake.

"Hauji kutoka mahali," alisema Daktari Kathini. "Usiku usipokuwa na mawingu, ardhi inapoteza joto lake lote kwenda juu. Hewa iliyoigusa inapoa, na hewa baridi ni nzito, inateleza kwenda bondeni. Ikizidi kupoa, maji yaliyokuwa ndani yake yanaonekana. Yale maji yalikuwepo tangu jioni. Ulikuwa umesimama ndani yake, huyaoni." Akamtazama. "Umeona vizuri, umeeleza vibaya. Hili la pili tunaweza kulifundisha."

Musimbi alisema alihisi kitu kikishuka ndani yake, polepole, kama ile hewa baridi. Yalikuwepo tangu jioni.

Lakini mlango haukufunguka siku hiyo. Daktari Kathini alimweleza wazi kwamba chuo hakiwezi kumpokea mtu mwenye masomo yaliyoanguka. Arudi kule, afanye mitihani ya marudio, apite yote matatu. Akipita, idara itamwombea nafasi kwa seneti ya chuo. Ataanza mwaka wa kwanza upya, na hesabu peke yake ndiyo itakayohesabiwa.

"Nirudi kusoma uhasibu ili niache uhasibu?" aliuliza Musimbi.

"Hata hapa kutakuwa na asubuhi ambazo hutaki kuingia darasani," alisema Daktari Kathini. "Nataka kujua utafanya nini."

Rosebella aliposikia alicheka mpaka akaweka sindano chini. Phanuel alipopigiwa simu alisema tu, "Huyo mwalimu ana akili," akakata.

Akarudi juu kwenye chai. Nilimsindikiza hadi stejini, nikamwona ameketi dirishani, mikono juu ya begi, uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Ndunge alimpokea bila maswali mengi. "Sasa," alisema, kama vile waliachana jana. Kisha akakunja mikono. "Sikiza. Mimi nitakufunza hizi hesabu za mali na madeni. Lakini mtu ambaye halali hafunziki. Tuanze na usingizi."

Walijaribu mengi. Walijaribu maziwa moto. Walijaribu kufungua dirisha, wasikie mto, lakini mto ulikuwa mbali mno. Hatimaye Ndunge alitoa chini ya kitanda kiredio cha zamani cha kaka yake, akakiwasha, na kabla hajapata stesheni, kikiwa katikati ya stesheni mbili, kikatoa ule mchakacho wake wa shhhh.

"Usikiguse," Musimbi alisema.

"Hakijashika bado."

"Kiache hivyohivyo. Hiyo ni mvua kwenye mabati."

Ndunge alikiacha. Alisema baadaye kwamba ilimchukua yeye wiki nzima kuzoea, na kwamba hajawahi kumpa mtu zawadi kubwa kuliko hiyo. Musimbi alilala. Katika ndoto zake mvua ya redio ilinyesha juu ya Laini Saba yote, juu ya mbao za babake, juu ya reli, na treni ilipita katikati yake bila kulowa.

Asubuhi alikwenda darasani. Ukungu ulikuwa pale, umejaa bondeni, na njia ya darasani ilipita ukingoni kabisa. Aliniambia kwamba hakuwahi kufanya jambo gumu kama kuupita. Aliupita akitazama viatu vyake. Darasani Ndunge alimwekea nafasi mbele, pale ambapo mtu hawezi kusinzia bila aibu. Jumamosi peke yake ndiyo alijipa ruhusa, akakaa na shuka lake mabegani hadi tone la mwisho lipotee. Na sasa alikuwa anatazama kwa namna nyingine, akijua kwamba kinachofifia hakiendi popote, kinarudi tu kuwa hewa.

Uhasibu hakuupenda. Hilo alisema na bado husema. Lakini ilifika siku zile safu mbili zikasimama kila moja mahali pake, na akaona jinsi zinavyolingana chini kabisa, akamgeukia Ndunge akasema, "Kumbe ni hivi tu?" Ndunge akajibu, "Ni hivi tu. Tangu mwaka jana."

Alipita masomo yote matatu. Alama zilikuwa zile za chini zinazoruhusiwa kwa mtihani wa marudio, hakuna zaidi, lakini yale masomo yaliyoanguka sasa yalikuwa yamesimama. Daktari Kathini aliwasilisha maombi. Seneti ilikaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Wakati huo wote Musimbi alikata vitambaa vya sare, kola baada ya kola, na ukimsemesha alikuwa anachelewa kujibu. Jibu lilipokuja lilikuja mchana, mashine ya unga ikinguruma, na kwa kuwa Rosebella hakusikia vizuri alichosomewa, alipiga kelele, "Wamekataa?" Musimbi akatikisa kichwa. "Wamekubali?" Akakubali kwa kichwa. Tukacheza ngoma pale uani, tukiwa na unga miguuni.

Phanuel alikuja Kabiro Jumapili hiyo. Alikuja na meza aliyoitengeneza mwenyewe, ndogo, ya mtu mmoja, ameibeba kwenye mkokoteni wa kukodi kutoka Kibera. Aliiweka chini ya dirisha, akaitikisa kuona kama imetulia, akachomeka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja.

"Wenzako wanaingia mwaka wa tatu," alisema bila kumtazama.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe?"

"Wa kwanza."

"Watu wa Laini watauliza."

"Najua."

Phanuel alikaa kitandani. Alikuwa mtu wa kutengeneza vitanda maisha yake yote, akaligonga godoro kidogo kwa mkono kama kawaida yake. "Nitawaambia umehamishwa," alisema. "Si neno la uongo." Kisha, baada ya chai, akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza habari za ndugu waliyekosana naye: "Huo ukungu wa Vihiga, na wenyewe ni wa namna hiyo? Wa hewa baridi?"

Musimbi alianza kumweleza. Walizungumza mpaka chai ikapoa, na mimi kutoka mlangoni kwangu nilimsikia Phanuel akisema mara kwa mara, "Eeeh," na mara moja, "Mama yangu alikuwa akisema hivyo."

Nisidanganye kwamba tangu hapo yote yalikuwa laini. Fizikia ya chuo si ile ya kidato cha nne. Muhula wa kwanza alifeli jaribio moja vibaya, akarudi nyumbani na uso uleule wa zamani, akajifungia. Rosebella alitaka kwenda kumwona Daktari Kathini. Lakini kesho yake asubuhi Musimbi aliamka, akaoga, akaenda kumwuliza mwalimu alikosea wapi. Bado huwa anapotea. Juzi alisimama katikati ya barabara ya Kabiro akitazama juu, na mtu wa mkokoteni akamkemea, "We madam, dunia iko hapa chini!" Aliomba msamaha, akasogea, akaendelea kutazama juu. Wanafunzi wenzake humwita Mzee kwa sababu amewazidi miaka miwili. Alama zake ni nzuri, si za kutangazwa, na kuna somo moja tu alilokuwa wa kwanza, nalo ni la mawingu.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Likizo iliyopita alipata nafasi ya mafunzo ya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa pale Dagoretti Corner, si mbali na sisi. Siku moja alimpigia shangazi simu, sauti imepanda, akasema alasiri hiyo watarusha puto kubwa lenye kifaa cha kupima hewa ya juu, na wamemwambia yeye ndiye atakayeliachilia.

Rosebella alifunga cherehani. Alimpigia Phanuel, na Phanuel, ambaye haachi kazi katikati ya siku hata kwa mvua, akaja. Ndunge, aliyekwisha kumaliza uhasibu wake na kupata kazi Nairobi, alituma ujumbe kwamba atatazama kutoka dirisha la ofisini. Tulisimama uani, watu wa ploti nzima, pamoja na mwenye mashine ya unga aliyeizima ili atoke nje, na kimya kikawa kigeni mpaka watoto wakanyamaza.

Hatukujua tutazame wapi. Rosebella alisema analiona, kumbe anatazama ndege. Anga ilikuwa ya buluu iliyopauka, na mawingu machache yenye matumbo bapa. Halafu Phanuel akasema, "Lile."

Lilikuwa nukta nyeupe juu ya paa za Dagoretti, dogo kama punje ya mchele, linapanda. Halikuwa na haraka, lakini halikusimama. Lilipita pembeni mwa wingu, likang'aa, likawa dogo zaidi. Wengine walilipoteza wakaanza kubishana. Phanuel hakulipoteza. Aliinua uso, mdomo wazi kidogo, na vumbi la msasa bado kwenye nyusi zake, na hakusikia nilipomwuliza kama atakunywa chai.

Musimbi alifika magharibi, bado amevaa kitambulisho cha kituo shingoni. Alipoingia tu akauliza, "Mliliona?"

"Tumeliona," alisema Rosebella.

"Linafika wapi?" aliuliza Phanuel.

"Juu sana, baba. Kule hewa ni nyembamba, linavimba, linavimba, linapasuka."

Phanuel alifikiri juu ya hilo. "Na wewe, ulipoliachilia, ulihisi nini?"

Musimbi alikaa kwenye ngazi, akavua viatu vyote viwili, akavipanga. "Linavuta," alisema. "Sikujua litavuta hivyo. Ilibidi nilishike kwa mikono yote, na bwana mmoja nyuma yangu ananiambia, bado, bado, ngoja upepo." Akanyoosha viganja vyake mbele yake, akavitazama. "Halafu akasema, sasa."

Mashine ya unga ilikuwa imeanza tena, kwa hivyo Phanuel alilazimika kusogea karibu ili amsikie.